Kwilti ya Kisasa: Mwongozo Kamili wa Kubuni na Kushona, Kuanzia Ulichokiona Hadi Ukingo wa Mwisho

Kwilti ni nguo ya tabaka tatu. Juu kuna uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, katikati kuna pamba ya kutia joto, nyuma kuna kitambaa cha mgongo, na zote tatu zimefungwa kwa mishono inayopenya kutoka juu hadi chini. Kamusi inaiita mfarishi. Mimi nitasema kwilti, kwa kuwa ndivyo tunavyosema wengi wetu tunaoishona.

Anayeanza kwilti ya kisasa kwa kawaida hakwami kwenye cherehani. Hukwama kabla ya kukata. Ameshatazama mamia ya picha za kazi za watu, ameshapata vitambaa vizuri, kisha anakaa navyo mezani asijue aanzie wapi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya macho kabla ya kuwa ya sindano. Na kanuni nitakayoirudia ni moja: katika kile kilichokuvutia, chukua kitu kimoja tu. Ukijaribu kuhamisha yote uliyoyaona, kitambaa kitakulemea.

Tutashona kwilti moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya upana wa inchi 50 na urefu wa inchi 60, inayotosha kujifunika ukiwa umekaa. Natumia inchi kwa sababu vipimo vya ushonaji huu, kuanzia mshono wa robo inchi, vimejengwa juu yake. Inchi 1 ni sentimita 2.54.

Usasa wenyewe uko wapi

Mwaka 2009, huko Los Angeles, Alissa Haight Carlton na Latifah Saafir walianzisha chama kiitwacho Modern Quilt Guild. Ukizitazama kazi za washonaji wa mkondo huo utaona mambo yanayojirudia: vitambaa vya rangi moja visivyo na maua, rangi zinazoachana waziwazi, eneo kubwa lililoachwa tupu, vipande vilivyokatwa kwa jicho badala ya rula, na umbo kuu ambalo mara nyingi halikai katikati.

Sura hiyo ina mizizi mirefu. Waamishi, jamii ya Wakristo wa Pennsylvania, Marekani, walikuwa wakishona kwilti za rangi tupu, mraba mmoja mkubwa uliogeuzwa kusimama kwa kona yake, miongo mingi kabla ya chama hicho kuzaliwa. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika kwilti za zamani ukutani kama zinavyotundikwa picha za kuchora, na watu waliozoea kuziona zimetandikwa vitandani wakaziona upya. Mwaka 1979 yakaanza maonyesho ya Quilt National mjini Athens, Ohio, kwa ajili ya kwilti zilizobuniwa upya.

Lakini kama una muda wa kutazama mahali pamoja tu, tazama Gee's Bend. Ni kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu, na wanawake wake weusi, vizazi kwa vizazi, wameshona kwilti ambazo makumbusho ya Houston na kisha Whitney yalizionyesha mwaka 2002. Missouri Pettway, mmoja wao, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akaziunga kuwa kwilti ya kujifunika ili amkumbuke. Katika kwilti za namna hiyo, zilizoshonwa kwa nguo za shambani, utaona mahali ambapo buluu imekolea zaidi kuliko pembeni, umbo kama la kiganja. Ni pale mfuko ulipobanduliwa: jua na sabuni havikupafikia kwa miaka. Hakuna mbunifu anayeweza kuichora alama hiyo kutoka kichwani. Imeletwa na kitambaa chenyewe, na mshonaji alikuwa na jicho la kuiacha ionekane.

Kuna jambo lingine la kujifunza hapo. Wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukapata kazi ya kushona foronya za kodrai, kitambaa kinene chenye mistari ya manyoya, kwa ajili ya kampuni ya Sears. Masalio ya kodrai yakaenda majumbani. Kodrai ni nzito, haikubali kukatwa vipande vidogo vidogo na kupindwa kona kali, hivyo wakaunga mapande makubwa na mikanda mipana. Nguvu ya kwilti zile za kodrai imetokana kwa kiasi kikubwa na ukaidi wa kitambaa. Kwa hiyo unapoona kitambaa ulicho nacho kinakubania, usikitupe haraka. Huenda ndicho kinachokupa umbo.

Hatua ya 1: Chagua ulichokiona, kisha kipunguze

Kwa wiki moja, piga picha ya kitu kimoja kila siku kilichokufanya usimame. Usitafute kitu cha kwilti. Tafuta kilichokusimamisha: ufa wa ukuta, nguo zilizoanikwa, kivuli cha ngazi, rundo la vitabu. Mwisho wa wiki utakuwa na picha saba. Chagua moja na uiandikie sentensi moja inayoanza na "Nilichokipenda hapa ni". Sharti ni kwamba sentensi isiwe na neno "na". Ukiandika "rangi na mistari" bado hujachagua.

Sentensi yangu ya kwilti hii ilitokana na mlango. Ilikuwa usiku, taa ya chumba cha pili inawaka, mlango umeachwa wazi kidogo, na juu ya sakafu ya giza umelala mwanga: mwembamba kule mlangoni, mpana kadiri unavyonijia. Nikaandika: "Nilichokipenda hapa ni mwanga unaopanuka." Basi. Kwenye kwilti hakutakuwa na mlango, wala kitasa, wala vigae vya sakafu.

Washonaji wakubwa wanatofautiana sana katika kile wanachokichagua, lakini tazama jinsi kila mmoja alivyoshika lake. Bisa Butler, ambaye baba yake ametoka Ghana, hushona picha za watu kwa kuanzia fotografia za zamani zisizo na rangi. Kinachobaki cha fotografia ni mahali penye giza na mahali penye mwanga. Rangi za ngozi anazitunga mwenyewe kwa vitenge na hariri, zambarau hapa, chungwa pale, na uso bado unakutazama kama mtu aliye hai. Libs Elliott wa Toronto hutumia programu ya kompyuta inayotawanya maumbo bila mpangilio, kisha yeye anachagua mtawanyo upi ushonwe. Rosie Lee Tompkins, aliyefariki mwaka 2006, alishona miraba na pembetatu za mahameli ambazo hazilingani saizi, zikapanda na kushuka kama mapigo ya ngoma. Mmoja kashika mwanga, mmoja kashika bahati, mmoja kashika mdundo.

Hapa pia niseme jambo la adabu. Kujifunza kutoka kwa kazi ya mtu ni halali. Kuiga mpangilio wake kipande kwa kipande, kisha kuuonyesha au kuuza kama wako, si halali. Ikiwa kilichokusimamisha ni kwilti ya mtu mwingine, iandikie nayo sentensi ile ile, chukua hicho kimoja, na umtaje.

Hatua ya 2: Chora ndogo, tena nyingi

Chukua karatasi na penseli. Chora mistatili sita, kila mmoja si mkubwa kuliko kiberiti, kwa uwiano wa upana 5 kwa urefu 6. Katika kila mmoja weka umbo lako mahali tofauti: katikati, theluthi ya kushoto, limekatwa na ukingo, limepinduliwa. Udogo una faida yake: huwezi kuingia kwenye madoido, inabaki hoja ya umbo na nafasi tupu tu.

Utagundua kwamba mara nyingi umbo lililo katikati kabisa linalala. Langu liliamka nilipolisogeza kushoto na kuuacha upande mzima wa kulia uwe giza. Giza lile sasa lina kazi. Ndilo linalofanya mwanga uonekane mwanga. Ukiona kishawishi cha kujaza eneo tupu kwa kitu kingine, rudi kwenye sentensi yako kwanza.

Hatua ya 3: Rangi

Hapa ndipo nilipoharibu kwilti yangu ya kwanza. Nilichagua rangi sita ninazozipenda: kijani cha majani, buluu, pinki, kahawia, zambarau, nyekundu. Kila moja ilikuwa nzuri peke yake. Nikashona miezi miwili. Nilipoitandika na kurudi nyuma hatua tano, sikuona mchoro wowote, niliona uji. Rangi zote sita zilikuwa zimekolea sawasawa. Macho hayakuwa na pa kushika.

Jambo linalobeba mchoro, kabla ya jina la rangi, ni kukolea kwake: ni ya giza kiasi gani, imepauka kiasi gani. Lipime hivi. Panga vitambaa vyako mezani, kimoja kikigusana na kingine, upige picha kwa simu na kuigeuza iwe ya weusi na weupe. Vitambaa viwili vikiyeyuka kuwa kijivu kimoja, havitaachana kwenye kwilti pia, hata kama kimoja ni kijani na kingine ni nyekundu. Njia ya pili haihitaji simu: simama mbali na ufumbe macho nusu.

Fanya upimaji huo mchana, karibu na dirisha. Taa ya njano huidanganya buluu, na krimu na nyeupe huonekana ndugu mpaka asubuhi.

Zoezi moja zaidi, la dakika mbili. Kata vipande viwili vidogo vya kitambaa kimoja, tuseme chungwa. Kimoja kiweke juu ya buluu iliyokolea, kingine juu ya njano. Utaapa ni vitambaa viwili tofauti: kile cha juu ya buluu kinawaka, cha juu ya njano kimepoa kuwa kama udongo. Mchoraji Josef Albers alitumia miaka mingi kuchora miraba ndani ya miraba kwa ajili ya jambo hili hili. Ndiyo sababu rangi haichaguliwi mkononi dukani. Huchaguliwa imekaa kando ya jirani yake.

Kwa kwilti hii nilichukua buluu ya usiku kwa giza, na kwa mwanga nikachukua rangi sita: krimu, njano iliyopauka, njano ya kukolea, pichi, chungwa, na waridi jepesi. Kisha kipande kimoja tu cha kijani kibichi, upana wa kidole, kitakachotokea mara moja. Sina sababu ya kukueleza kwa nini kijani. Jicho lilikiomba nilipoweka vitambaa sakafuni.

Hatua ya 4: Vitambaa na vifaa

Tumia pamba tupu, ya uzito wa shati. Hesabu hizi ni za kitambaa chenye upana unaotumika wa inchi 42.

Giza: mita 3 na nusu. Mwanga: robo mita ya kila rangi, kijani ni chakavu chochote. Mgongo: mita 3 na robo. Pamba ya katikati: kipande cha inchi 58 kwa 68. Uzi wa pamba, sindano mpya za cherehani namba 80 za kuungia na namba 90 za kufungia tabaka, mkasi mkali au kisu cha gurudumu na ubao wake, rula ndefu, chaki ya fundi, pasi, na pini za kufunga zile za nepi, kama 150. Ukiweza kupata mguu wa cherehani wenye meno ya juu, ule unaotembeza kitambaa cha juu sambamba na cha chini, utakuokoa kwenye Hatua ya 9.

Fua vitambaa vyote kwanza, vya giza mbali na vya mwanga. Buluu ya usiku huchuja rangi, na hutaki kuligundua hilo siku kwilti imekamilika.

Hatua ya 5: Jaribu mshono wako

Mshono wa kwilti ni robo inchi, karibu milimita 6. Usiamini alama ya cherehani, ipime. Kata mikanda mitatu ya upana wa inchi 1 na nusu, iunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha upime mkanda wa katikati. Ukiwa inchi 1 kamili, mshono wako uko sawa. Ukipungua, unashona ndani mno. Ukizidi, unashona karibu mno na ukingo. Sogeza, rudia. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani pale panapostahili, usiutoe mpaka umalize.

Hatua ya 6: Jenga mwanga

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo usiikimbize.

Kata mikanda kutoka rangi za mwanga, kila mmoja urefu wa inchi 12. Upana uwe tofauti, kuanzia inchi 1 hadi 3 na nusu. Weka rula pembeni na ukate kwa jicho; mkanda ukitoka mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, ni sawa kabisa, mradi kingo zimenyooka na hazina mawimbi. Utahitaji kama mikanda 35 hadi 40, kwa kuwa kila mkanda hupoteza nusu inchi kwenye mishono yake miwili.

Itandaze sakafuni kama ngazi, mmoja chini ya mwingine, mpaka upate safu ndefu. Sasa panga. Mimi niliweka krimu nyingi na mikanda myembamba juu, karibu na "mlango", na rangi za moto na mikanda mipana chini. Usizipange kwa zamu kama gwaride. Njano mbili zikifuatana zitaonekana kama mkanda mmoja mpana, na hilo ni jema mara moja moja. Kipande cha kijani nilikihamisha mara nne. Mwishowe kilikaa theluthi moja kutoka chini.

Piga picha kabla ya kuokota, maana mpangilio husahaulika.

Unga mikanda miwili miwili, kisha jozi kwa jozi. Fupisha mshono uwe milimita 2, kwa sababu baadaye tutakata mkasi ukipita juu ya mishono hii, na mirefu ingefumuka. Na hapa kuna mtego ulioninasa: mara ya kwanza niliunga mikanda yote nikianzia upande ule ule, na paneli ikajipinda kama mundu. Cherehani huvuta kitambaa cha chini kidogo zaidi ya cha juu, na uvutaji ule ule ukirudiwa mara 35 unakuwa mkubwa. Mshono wa kwanza anzia kushoto, wa pili anzia kulia, endelea hivyo kwa kupokezana.

Piga pasi kwa kuiweka na kuiinua, bila kuiburuta. Laza mishono yote upande mmoja, ikielekea chini. Endelea mpaka paneli ifike urefu wa inchi 64.

Hatua ya 7: Kata mwanga, uunge na giza

Nyoosha ukingo wa kushoto wa paneli kwa rula. Juu, pima inchi 3 kutoka ukingo huo utie alama. Chini, pima inchi 10 utie alama. Unganisha alama hizo kwa mstari mmoja ulionyooka. Kama rula haifiki, kaza uzi uliopakwa chaki kati ya alama mbili na uukwanyue. Kata. Umepata umbo lenye inchi 3 juu na 10 chini: mwanga wako. Mara moja pitisha mshono mmoja milimita 3 kutoka kila ukingo mrefu, ili mishono iliyokatwa isiachie.

Kutoka kitambaa cha giza kata kipande cha inchi 40 kwa 64, na kingine cha inchi 12 kwa 64. Pande ndefu zifuate mtande wa kitambaa, yaani nyuzi zake za urefu. Kilichobaki kando ya kile cha 12 usikitupe, ni cha ukingo.

Kipande kikubwa kikiwa kimelala uso juu, chini upande wa kushoto pima inchi 7 kuingia ndani utie alama. Chora mstari kutoka alama hiyo hadi kona ya juu kushoto, ukate pembetatu ile nyembamba uiondoe. Mteremko huu unalingana na wa mwanga: 3 ikawa 10, sifuri ikawa 7.

Unga kipande cha inchi 12 kushoto mwa mwanga, kisha kipande kikubwa kulia kwenye mteremko. Kingo za mteremko zimekatwa mshazari kidogo, hivyo hunyumbuka. Tia pini katikati kwanza, kisha miisho, kisha nafasi kati yake, na uache cherehani ivute yenyewe. Piga pasi mishono ielekee kwenye giza, ili buluu isionekane kwa chini ya krimu.

Upana sasa ni kama inchi 54. Tundika uso huu ukutani, rudi nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu, uuache siku mbili. Kisha amua kupunguza upande gani mpaka ubaki na inchi 51 kwa 61. Mimi nilikata zaidi kushoto ili mwanga usogee ukingoni. Mwingine angekata kulia. Funika kwa karatasi kabla ya mkasi, uone.

Hatua ya 8: Kutandaza tabaka na kupiga bandi

Mgongo: kata kitambaa vipande viwili vya inchi 58, uviunge kwa upande wa urefu, upunguze mpaka inchi 58 kwa 68, mshono ukilala kimlalo. Utandaze sakafuni uso chini, uubane kwa utepe pande zote: uwe umenyooka lakini usivutwe, maana uliovutwa utarudi na kukunja kila kitu. Juu yake pamba, uilainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu kabisa uso wa kwilti, ukiangalia juu.

Funga kwa pini, au piga bandi kwa mkono kwa mishono mirefu, kuanzia katikati. Umbali kati ya pini na pini usizidi upana wa kiganja. Magoti yatauma. Fanya kwa awamu.

Hatua ya 9: Mishono ya kufunga tabaka

Mishono hii si gundi tu, ni mchoro wa pili juu ya mchoro wa kwanza, na ni nafasi nyingine ya kuiuliza ile sentensi yako. Yangu ilisema mwanga unapanuka. Kwa hiyo upande mkubwa wa giza nilishona mistari inayofuata mteremko wa mwanga: karibu na mwanga ikiwa imebanana, nusu inchi kati yake, kisha ikiachana taratibu mpaka inchi 2 kwenye ukingo wa kulia. Ukiwa mbali huioni. Ukiukaribia, giza lenyewe linaonekana kuanza kung'aa pale linapogusana na mwanga. Kushoto, mistari ya wima. Ndani ya mwanga, mistari ya kulala kila baada ya inchi 2, wala si zaidi. Soma pia karatasi iliyokuja na pamba yako. Kila pamba ina umbali wake wa mwisho inaouvumilia bila kujikusanya.

Weka sindano namba 90, mshono milimita 3. Anzia kwenye bonde la mshono wa mteremko, pale vitambaa viwili vinapokutana, karibu na moyo wa kwilti, uende nje, mistari yote ukiianzisha kutoka ukingo ule ule. Kunja upande usioushona kama mkeka, na uzito wa kwilti ukae mezani, usining'inie. Uzito unaoning'inia ndio unaopindisha mistari. Ondoa pini kabla sindano haijaifikia.

Hatua ya 10: Ukingo

Punguza kwilti iwe inchi 50 kwa 60. Pima kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Zote zikisoma takriban inchi 78, kona zako ni mraba.

Kutoka kile kitambaa cha giza kilichobaki kata mikanda minne ya inchi 2 na nusu kwa 64. Iunge kwa mshazari iwe mmoja mrefu. Mzunguko wa kwilti ni inchi 220, na utabaki na ziada ya kutosha. Ukunje katikati kwa urefu, piga pasi.

Uweke upande wa uso, kingo zilizo wazi zikilingana na ukingo wa kwilti, uache mkia wa inchi 8, ushone kwa robo inchi. Ukikaribia kona, simama robo inchi kabla ya mwisho, piga mishono miwili ya kurudi, ukate uzi. Inua mkanda juu uwe umenyooka na ukingo unaofuata, kisha ushushe chini mkunjo ukilingana na ukingo wa juu, uanze kushona kutoka juu. Mkunjo huo ndio utakaojigeuza kuwa kona safi. Ukimaliza mzunguko, unga mikia miwili, kunja mkanda uje nyuma, na ushone kwa mkono kwa mishono midogo inayojificha.

Fua kwa maji ya baridi, anika imelala. Pamba itajikunja kidogo na uso utapata mikunjo laini kando ya kila mshono.

Lebo

Kwilti nyingi zilizotundikwa makumbusho hazina jina la aliyezishona, kwa sababu hakuna aliyeliandika. Kata kitambaa cheupe cha upana wa kiganja. Kwa kalamu isiyofutika andika jina lako, mwaka, na ile sentensi yako moja. Kunja kingo, uishone nyuma, kona ya chini kulia.